Mshenga wa Mlango

Jecha Othman wa Mtambile alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na hospitali hawana dawa yake: akisikia nyumba ya mtu imevunjwa, hapati usingizi. Si kwa huruma. Anawaza mbao. Anawaza nondo za madirisha, mabati, vigae, bawaba, hata misumari iliyopinda, ile ambayo mtu mwenye akili zake angeipiga teke akapita. Yeye huiokota, akakaa nayo barazani na nyundo yake, akainyoosha mmoja mmoja huku anaimba.

Raha yake yote ilikuwa uwanja wa Turki, kule Chake Chake. Turki hununua nyumba kuukuu zinazovunjwa, akazileta vipande vipande, akavipanga chini ya turubai, kisha akakaa juu ya kiti ambacho nacho kinauzwa. Na kila kitu pale kina nasaba yake. Dirisha si dirisha, ni dirisha la kadhi. Sinki si sinki, ni sinki alilonawia bwana harusi fulani aliyekuja kuoa kutoka Maskati. Watu wengine walikuwa wakimsikiliza Turki wakicheka. Jecha alikuwa akimsikiliza kama hotuba ya Ijumaa.

Mkewe, Bi Moza, alivumilia mengi. Alivumilia vigae vya ukumbini vya rangi tatu, kwa sababu vya Turki vilimalizika katikati ya kazi mara mbili. Alivumilia dirisha la kadhi, ambalo linafungukia ndani na kila asubuhi lilikuwa linaipiga televisheni kofi. Alivumilia mabati yaliyotoka ghala la karafuu, jua likiwaka nyumba nzima inanukia mpaka wageni wanapiga chafya na kusingizia mafua. Na kila gari ya mizigo iliposimama nje, Moza alitoka, akatazama kilichokuja, akavuta pua. Hiyo ndiyo tabia yake: kabla hajakataa jambo huvuta pua kwanza, fyu, kama anayenusa mchuzi ulioungua. Lakini kukataa hakupata kukataa, kwani nani alimuuliza? Jecha akisikia ile fyu alidhani mkewe ana vumbi.

Sasa tuje kwenye mlango.

Mlango walikuwa nao, jamani, hilo lieleweke. Mlango wa mninga, hauna nakshi wala mbwembwe, ukiufunga unafunga na ukiufungua unafunguka. Jecha aliung'oa kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu siku moja ya mvua kubwa alikwenda kwa Turki akakuta mabawa manne ya milango ya kizamani yameegemezwa ukutani, nyuso zimeangalia ukuta na migongo imeangalia watu.

"Haya manne yametoka nyumba moja," Turki alimwambia, kajifunika mfuko wa plastiki kichwani. "Mawili ya mlango wa mbele, mawili ya mlango wa nyuma. Nakshi moja, fundi mmoja. Nyumba ya watu wakubwa, yakhe, wakubwa hasa. Chagua mawili."

"Yageuze niyaone."

"Na mvua hii? Weye yaguse tu. Mti wenyewe unasema."

Jecha hakuyaona nyuso, basi akayapima uzito. Alinyanyua moja, akanyanyua la pili, akalirudia la kwanza, kama mama anayechagua papai sokoni. Mawili yalikuwa mazito na mawili mepesi kidogo. Mtu mwengine angejiuliza kwa nini. Jecha aliona kwamba mali nzito ndiyo mali, akachukua yale mazito, akarudi Mtambile amelowa chapachapa na moyo wake unacheka.

Na ajabu ni kwamba Jecha alilijua jambo ambalo kila mtu wa huku analijua. Mlango wa kizamani una mabawa mawili: la kulia dume, la kushoto jike. Dume ndilo lenye mfaa, ule mti uliochongwa unaosimama katikati. Jike linakuja linajibanza nyuma ya mfaa, mlango unatulia, hata upepo haupiti. Na mfaa, bila shaka, una uzito wake.

Fundi Haroub alipoyageuza yale mabawa barazani, alikaa chini. Haroub ni seremala ambaye kila kazi huianza kwa kumlaumu fundi aliyetangulia, hata kama aliyetangulia ni yeye mwenyewe. Safari hii hakuwa na wa kumlaumu ila mwenye nyumba, na alionekana kufurahi.

"Bwana Jecha, umenunua madume mawili."

"Yapige randa."

"Dume likipigwa randa haliwi jike."

"Haroub, mimi nimekuita ufunge mlango, sikukuita unipe darsa."

Haroub akafanya alivyoambiwa. Dume moja alilipindua kichwa chini miguu juu ili likae kushoto, basi upande mmoja maua ya nakshi yakawa yanaota kwenda juu na upande wa pili yanaota kwenda chini. Mwimo wa kuushikilia mlango ulipopungua mbao, aliubomoa mlango wa uani, akatoa mbao zake, na pale uani wakatundika khanga kuukuu ya Bi Moza. Ya muda tu, alisema Jecha. Kisha wakayasukuma yale mabawa yafunge. Mfaa ukagonga mfaa, gogo! Wakarudia tena. Gogo! Yale madume yalisimama kifua kwa kifua, hakuna linalompisha mwenzake, na kati yao pakabaki nafasi ya kupita mtoto.

Hakupita mtoto. Alipita mbuzi. Mbuzi wa jirani aliingia wakati wa adhuhuri, akazunguka ukumbini akakagua vigae vya rangi tatu, kisha akaula ukili wote aliousuka Bi Moza kwa ajili ya mkeka wa binti yao Yumna, aliyeolewa Kiuyu. Moza alipotoka jikoni alimkuta kapanda juu ya kochi, anatafuna kipande cha mwisho, anamtazama yeye kama yeye ndiye mgeni.

"Baba Yumna!"

Jecha alikuja mbio na msumari mdomoni. Akatazama, akaona hakuna kilichovunjika, akasema neno ambalo mpaka leo analijutia. Alisema, "Si mbuzi mmoja tu?"

Moza hakupiga kelele. Alivuta pua, akaingia chumbani, akatoka na mkoba. "Hii si nyumba tena," alisema. "Hii ni njia ya kwendea dukani. Miye nakwenda kwa kaka Nassor. Siku mlango ukifunga, niite."

Akapita katikati ya yale madume mawili, ubavu ubavu, akaenda zake barabarani kungojea gari ya Chake.

Mwanzo Jecha alijifanya jabari. Alisema mbele za watu kwamba mwanamke amekwenda kupumzika kwa nduguye. Lakini nyumba bila Moza ilimshinda. Chai akiipika inakuwa maji ya moto yenye rangi. Redio akiifungua hakuna wa kuijibu, maana Moza alikuwa na desturi ya kubishana na mtangazaji, na taarifa ya habari bila ubishi wake ilikuwa haina ladha kabisa. Jecha alimtaka mkewe. Alimtaka sana, na aliona aibu kumtaka namna ile kwa umri wake, mtu mzima mwenye mjukuu njiani. Akapiga simu, akapokea shemegi yake.

"Mlango unafunga?" Nassor aliuliza, hata salamu hakumaliza.

"Bado kidogo."

"Basi usikanyage hapa mpaka ufunge." Simu ikakatwa.

Kwa hivyo Jecha alirudi kwa Turki mbio kwenda kutafuta jike. Uwanja ulikuwa umejaa madirisha mapya ya zamani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuyatazama.

"Yale mepesi mawili yako wapi?"

"Yamenunuliwa zamani," alisema Turki. "Alikuja bwana mmoja wa hapa hapa Chake, ana maumivu ya kiuno. Naye mvua ilikuwa inanyesha. Akanyanyua yote manne, ya kwako yakiwa bado yanangoja gari, akasema yale mazito yatamuua, nimuwekee mepesi."

"Bwana gani?"

Turki alijikuna kidevu. Alikuwa mfanyabiashara, lakini si mtu mbaya. "Bwana Nassor," alisema. "Shemegi yako."

Jecha aliketi juu ya sinki la bwana harusi. Maana yake ilikuwa wazi. Kama yeye ana madume mawili yasiyofungana, basi Nassor ana majike mawili yasiyokutana, na katikati ya mlango wa Nassor lazima pako pengo la kuonana na walio ndani. Na huyo ndiye aliyemkatia simu kwa ajili ya mlango! Jecha alicheka peke yake mpaka Turki akaogopa. Dawa ilikuwa moja tu: atoe dume moja apewe jike moja, nyumba mbili zipone. Lakini nani akamwambie Nassor, mtu aliyemwambia asikanyage?

Kwetu jambo la kuomba kwa watu wazito huliendei mwenyewe, unatuma mtu. Na Mtambile nzima mtu wa kutumwa ni mmoja, Mzee Khatib, aliyewaozesha nusu ya waliomo humo. Ana kanzu maalumu ya kuposea, ana bakora maalumu, na ana maneno maalumu, mazuri, ya mafumbo, yanayozunguka mbali kabla hayajafika. Kasoro yake ni kwamba hana maneno mengine.

"Mzee, utasema mlango," Jecha alimsisitiza ndani ya gari ya mizigo waliyoikodi. Dume la ziada lilikuwa nyuma, limefunikwa turubai, limefungwa kamba. "Ukifika tu, sema: mlango."

"Mwanangu, watu hawaingii kwenye nyumba ya mtu wakataja kitu kwa jina lake. Usinifundishe kazi."

Wakasimamisha gari ubavuni mwa nyumba ya Nassor. Jecha alibaki ndani ya gari, amejiinamisha asionekane. Mzee Khatib akabisha hodi, akakaribishwa, ule mlango wa majike mawili ukafungwa nyuma yake. Ukafungwa kwa namna yake, maana lile pengo lilikuwepo kweli, vidole viwili, na mke wa Nassor alikuwa amelitia kitambaa. Kila neno lilimfikia Jecha kama yumo ndani.

"Nashikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu Nassor. Upepo mzuri humu kwenu."

"Tumeuacha makusudi," alisema Nassor kwa haraka. "Mlango tumeupa nafasi upumue."

"Mashaallah." Mzee Khatib akakohoa, na Jecha alikijua kikohozi kile, ndicho kinachofungua posa. "Basi, sisi tumetumwa. Tumesikia kwamba humu ndani mna jike."

Kiti kilisikika kikilia.

"Mna nini?" Nassor aliuliza.

"Jike. Na kwetu Mtambile liko dume, limesimama tu, halina raha. Dume peke yake halina kazi, mwanangu, unalijua hilo. Tumekuja kuomba hivi viwili vikutane."

Jecha kule garini alijipiga paji la uso. Sema mlango, mzee. Sema mlango!

"Mzee Khatib," alisema Nassor, na sauti yake ilikuwa inajizuia kwa ajili ya mvi tu, "ikiwa Jecha kakutuma kuhusu dada yangu, dada yangu ana jina. Haitwi jike."

Lakini Mzee Khatib alikuwa keshaanza, na akianza masikio yake hufunga. "Hatukuja mikono mitupu. Tumekuleteeni dume badala yake. Liko nje kwenye gari, tumelifunga kamba, tumelilaza chali."

"Ng'ombe?" Nassor alipaza sauti. "Jecha kaleta ng'ombe dume ambadilishe na dada yangu?"

"Na hilo jike tumeulizia habari zake," Mzee Khatib akaendelea kwa upole ule ule. "Tunajua ni la zamani. Tunajua limepigwa mvua, na huku chini limelika kidogo. Sisi hatujali. Uzito wake si mkubwa, linabebeka na watu wawili. Tukifika nalo tutaliranda, tutalipiga msasa, tutalitia mafuta, litarudi kama jipya."

Pazia la ndani lilivutwa kwa nguvu mpaka pete zake zikalia.

"Nani wa kurandwa?" Ilikuwa sauti ya Bi Moza. "Nani aliyelika chini? Mzee, kwa heshima yako nakuuliza, nani wa kupigwa msasa hapa?"

Mlango wa majike mawili ulifunguka kwa kishindo, kitambaa kikaruka. Moza alikuja moja kwa moja kwenye gari, Nassor nyuma yake ameshika kiuno, na Mzee Khatib wa mwisho na bakora, anasema posa gani hizi za siku hizi watu hawasubiri maneno yakamalizika. Moza hakumtazama Jecha aliyejikunja juu ya kiti. Alishika turubai akalivuta.

Wote wakatazama lile dume lililolala chali, na mfaa wake, na maua yake yote yameelekea juu.

Nassor alilitazama dume, akageuka akautazama mlango wake mwenyewe na pengo lake la vidole viwili, akarudi kulitazama dume. Uso wake ulibadilika. "Lahaula," alisema. "Weye ndiye uliyechukua mazito?" Akaanza kucheka, akashika kiuno kwa maumivu, akacheka tena. Dereva akacheka. Hata Mzee Khatib alipoelewa alitabasamu, akasema kwamba hata hivyo hotuba ilikuwa nzuri.

Moza hakucheka.

"Mlango umeutumia mshenga," alimwambia Jecha. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Kwa kanzu na bakora. Miye tangu nije hapa hukunitumia hata salamu."

"Nilitaka ufunge kwanza, Mama Yumna, ndio nije."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini?"

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Moza alivuta pua, fyu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Jecha aliisikia kwa ilivyo, na hakudhani kuwa ni vumbi. "Haya, chukueni jike lenu mwende," alisema. "Ukishafunga nitakuja kuutazama. Nimesema kuutazama. Sikusema nitakaa."

Akaingia ndani. Wanaume walibadilishana mabawa kimya kimya, kama watu waliotoka kuzika.

Haroub alifanya kazi nzuri, haki yake apewe. Alimlaumu kwanza fundi aliyelichonga jike, akaliranda chini lilipolika, akalitia mafuta. Akalitia kushoto, pale lilipokuwa dume lililopinduliwa, maua yakaota pamoja kwenda juu. Kisha akasukuma. Jike likaja likajibanza nyuma ya mfaa bila kelele, na mlango ukafunga. Jecha alitia jicho katikati akitafuta mwanga, hakuuona. Alimpigia Yumna simu Kiuyu. "Mwambie mama yako mlango unafunga."

"Baba, kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Mwambie tu, mwanangu."

Haroub akaenda zake kwenye kazi nyengine, na mvua ikaingia. Mvua ya masika, ile isiyouliza mtu. Ilipiga siku na siku, na Jecha hakutoka kwa mlango ule, alikuwa akipita uani tu kwenda kisimani na kurudi, anafagia, anapanga, anaweka vikombe mahali ambapo Moza huviweka. Kila alipokaa alikuwa anautazama mlango wake kwa ndani na kujiambia kwamba umefunga, umefunga, sasa atakuja. Halafu alikuwa anakumbuka lile neno, kuutazama, moyo unamshuka.

Alasiri moja mvua ilikatika. Jecha alikuwa ukumbini aliposikia viatu barazani, halafu vikasimama. Mtu alikuwa anautazama mlango.

"Hodi."

Aliruka. "Karibu! Karibu ndani!" Alikamata komeo akalivuta. Komeo likatoka. Akauvuta mlango. Mlango haukutikisika.

"Hodi, nimesema."

"Nakuja, nakuja!" Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu ukutani akavuta. Mti ule wa watu wakubwa ulikuwa umekunywa mvua yote ya masika, dume na jike wamekumbatiana na hawataki kuachana.

"Baba Yumna, umenifungia nje?"

"Wallahi sikukufungia! Umevimba!"

"Nani kavimba?"

"Mlango! Mlango umevimba! Weye sukuma, mimi navuta!"

Moza alisukuma, Jecha alivuta. Walifanya hivyo mpaka wakachoka wote wawili, mmoja huku mwengine kule, wanahema.

"Nilisema siku mlango ukifunga," ilikuja sauti ya Moza, "na umefunga. Miaka yote niliyokaa humu, kitu cha kwanza kunisikiliza ni mlango huu."

"Nitamtafuta Haroub. Kaa hapo hapo, kaa barazani."

Jecha akaweka sikio kwenye mti. Alisikia viatu vikishuka barazani, vikikanyaga tope, vikienda. Ameutazama, basi, na anaondoka. Jecha alihisi machozi yanamjia na hakuyafuta, nani anamuona? Akapaza sauti, mdomo kwenye mfaa.

"Moza! Usiende, nisikilize! Chai siiwezi! Redio inasema peke yake, hakuna wa kuitia adabu! Nilikwambia si mbuzi mmoja tu, na mbuzi mmoja ndiye aliyekula kazi ya mikono yako yote, nami hata pole sikukupa! Nilidhani nakujengea nyumba, Moza. Nimekuwa najenga, najenga, kumbe siku zote ulikuwa umesimama hapo unavuta pua na mimi nasema mke wangu ana vumbi! Ukitaka nitoe vigae, nitatoa. Ukitaka dirisha la kadhi lirudi kwa kadhi, litarudi. Kwa Turki siendi tena!" Hilo la mwisho lilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Siendi bila wewe," alisahihisha. "Na nakuuliza sasa, najua nimechelewa, lakini nakuuliza. Mlango huu, Moza, unaupenda?"

Aliweka sikio kwenye mti. Nje hakuna kitu, matone tu yanadondoka kutoka kwenye bati. Amekwenda. Jecha alifumba macho, akaegemeza paji la uso kwenye nakshi.

Nyuma yake, ndani ya nyumba, mtu alivuta pua.

"Siupendi," alisema Moza.

Jecha aligeuka. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na mkoba wake mkononi, tope mpaka vifundoni, na ile khanga kuukuu ya mlango wa uani imemng'ang'ania begani.

"Umepita wapi?"

"Ulipoweka khanga yangu iwe mlinzi wa nyumba. Na mbuzi angelijua, asingelihangaika na mbele."

"Tangu lini uko hapo?"

"Tangu kwenye chai."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasema vizuri."

Jecha alijifuta uso kwa kofia. Akautazama mlango, nakshi, mfaa, maua yote yanayoota kwenda juu, kitu kizuri kuliko vyote alivyopata kumiliki. "Basi nitautoa," alisema. "Nitaupasua kwa shoka kama haufunguki."

"Thubutu!" alisema Moza. "Umeniuliza, nimekujibu. Uache hapo hapo."

Kisha akaweka mkoba chini, akavua viatu.